Maharage ya nazi yaliyogoma kuiva: tui limetangulia mno

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nilihamia Dodoma mwaka jana kutoka Tanga, na tangu nifike maharage yamenishinda. Jumamosi niliyaloweka maharage mekundu nusu kilo kwa muda wa saa mbili tu, nikayabandika saa nne asubuhi pamoja na nyanya, kitunguu, chumvi na tui lote, kama mama alivyokuwa akipika. Moto niliupunguza mapema ili tui lisikatike na mkaa usiishe, kwa hiyo hayakutokota sana, yalikuwa yanatoa mvuke tu. Kufika saa nane mchana mengine yameanza kupondeka, mengine magumu kama changarawe. Nikaweka magadi kijiko kimoja cha chakula. Mchuzi ukawa mweusi, ladha ya sabuni. Tulikula hivyo hivyo, watoto walikuwa na njaa. Baada ya kama saa mbili mimi na mwanangu wa miaka sita tulitapika, yeye akaharisha hadi usiku. Kesho yake tuliamka wazima. Jirani mmoja anasema niweke panadol mbili yatalainika, mwingine anasema nimeyaharibu kwa kuongeza maji baridi. Nina kilo nne zimebaki kwenye ndoo. Nimekosea wapi, na haya yaliyobaki niyatupe?"*

Pole sana, dada, wewe na mtoto. Usiyatupe maharage kwanza. Ukiyasoma vizuri maelezo yako, mambo yote yaliyokupata siku ile yanaanzia sehemu moja: tui liliingia sufuriani mapema. Kwa kuwa tui lilikuwemo ukalazimika kupunguza moto, na kwa kuwa moto ulipungua maharage hayakutokota. Kilichofuata, yaani ugumu, magadi na matumbo kuvurugika, kimejengwa juu ya hapo. Maji magumu ya huko, yaani yenye madini mengi, na umri wa maharage vimeongeza uzito, lakini mlango uliofunguka ni huo.

Nianze na tumbo la mtoto, maana ndilo lisiloweza kusubiri. Watu wengi wanaamini kwamba haragwe gumu ndilo lenye madhara na haragwe laini ni salama. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana protini ya aina ya lektini, kitaalamu fitohemaglutinini, ambayo hushika kwenye utando wa utumbo na kumfanya mtu atapike kisha aharishe. Kwa kawaida huanza kati ya saa moja na tatu baada ya kula na huisha siku hiyo hiyo. Punje nne au tano mbichi zinaweza kutosha. Kinachoiharibu protini hiyo ni kutokota. Dakika 10 za kutokota kwelikweli zinaimaliza, lakini kwenye jiko la mkaa ambalo moto hupanda na kushuka, wewe hesabu 30. Maharage yaliyotokota nusu saa kisha yakabaki magumu kwa sababu ya uzee hayana tena tatizo hilo, yatakuchosha meno tu. Yale yaliyokaa saa nne kwenye mvuke bila kutokota yanaweza kuwa yamelainika na bado yakakutapisha. Kibaya zaidi, maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 hivi na kuishia hapo yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi kabisa.

Muda wenu wa saa mbili na kupona kesho yake vinafanana sana na hali hiyo. Hata hivyo siwezi kuapa kutokea huku. Kijiko kizima cha chakula cha magadi kwenye nusu kilo nacho kinaweza kuchoma tumbo. Na kama chungu kilikaa jikoni muda mrefu kikiwa vuguvugu kabla ya kupakuliwa, kuna bakteria wanaotoa sumu ya kutapisha kwa muda huo huo, na sumu yao haiondoki hata ukichemsha upya. Usipokuwa na uhakika chakula kimelala vipi, usikiokoe kwa moto.

Ikitokea tena, mpe mtoto maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko, hata kama anatapika. Subiri dakika 10 kisha uendelee. Soma kwanza pakiti inataka maji kiasi gani, kwani nyingi ni za lita 1 na ziko za nusu lita. Usimpe dawa ya kufunga kuhara bila kuambiwa na mhudumu. Mpeleke kituo cha afya bila kungoja asubuhi endapo hawezi kubakiza chochote tumboni, anaharisha damu, ana homa kali, macho yameingia ndani, amelegea na haamki vizuri, au amekaa saa sita bila kukojoa. Mtoto wa chini ya miaka miwili, mjamzito na mzee wapelekwe mapema zaidi. Ukifika, sema mlikula nini, saa ngapi, na dalili zilianza saa ngapi. Maelezo hayo yanamsaidia sana mhudumu.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Kila punje imejengwa kwa seli ndogo ndogo zilizogandishwa pamoja na gundi iitwayo pektini. Kuiva kwa haragwe ni gundi hiyo kuyeyuka, seli zikaachana, ndipo punje ikapondeka kati ya ulimi na kaakaa. Joto na maji ndivyo vinavyoiyeyusha. Vitu vitatu huizuia: uchachu, na madini mawili, kalisi na magnesi. Nyanya, ndimu, ukwaju na embe bichi huleta uchachu, na gundi iliyo kwenye uchachu hukataa kuyeyuka. Kalisi na magnesi hufanya kazi kama pini zinazobana nyuzi za pektini zisiachane, na hizo zimejaa kwenye maji magumu.

Ndiyo maana utaratibu wa mama haukukosea kule Tanga. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Kila ukipanda kama mita 300 unapoteza karibu nyuzi 1, kwa hiyo Dodoma, iliyo juu kidogo ya mita 1,100, maji yako yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi. (Anayepika Mbeya mjini, karibu mita 1,700, yuko kwenye 94.) Tofauti hiyo peke yake ingekuongezea muda tu. Lakini sehemu kubwa ya maji ya Dodoma hutoka visimani, na ni magumu. Tazama ndani ya birika lako: ukiona magamba meupe, au sabuni inakataa kutoa povu, kalisi ndiyo hiyo. Weka nyanya juu ya maji hayo, halafu punguza moto. Huko Tanga, kwa maharage mapya, gundi ingeshindwa na joto hata kama nyanya zimo. Kwa hali uliyonayo sasa, haishindwi.

Kuna la tatu, na hili ni la sokoni. Umesema mengine yalipondeka na mengine yakabaki changarawe kwenye sufuria moja. Mara nyingi hiyo ni dalili ya mchanganyiko: maharage ya msimu huu na yaliyolala ghalani mwaka mzima au zaidi. Maharage yakikaa kwenye joto la juu ya nyuzi 30 na unyevu, vimeng'enya vya ndani ya punje hufungua kalisi na magnesi zilizokuwa zimehifadhiwa humo humo, nazo huenda kubana pektini. Punje inakuwa imejifunga kwa ndani kabla hata ya kuona maji yako. Hali hiyo hairudi nyuma. Unaweza kuipunguzia makali, huwezi kuifuta.

Kabla ya kupika tena, fanya kipimo hiki. Loweka kiganja kimoja cha maharage usiku kucha, kisha asubuhi yamwage kwenye sahani nyeupe uyatazame. Punje nzuri imevimba karibu mara mbili, ngozi imetanuka, haina mikunjo. Ikate katikati kwa kisu: ndani iwe na rangi moja, yenye unyevu. Ukiona kwenye kiini kuna mstari mweupe mkavu kama chaki, maji hayajafika, iache saa tatu nne zaidi. Punje ambayo haikuvimba kabisa, imebaki ndogo na inalia ukiigonga kwenye sahani, ngozi yake imeziba. Hizo zitoe, hazitaiva pamoja na wenzake. Ukikuta zote zimevimba vizuri lakini ukizichemsha saa mbili zinabaki ngumu, hapo ndipo ujue una maharage ya zamani. Saa mbili ulizoloweka Jumamosi hazitoshi hata kwa maharage mapya, sembuse hayo.

Kuhusu maji baridi, jirani yako hana kosa kubwa, ila sababu yake si hiyo. Maji baridi hayaigandishi punje. Yanachofanya ni kushusha joto la sufuria, na kwenye jiko la mkaa lililochoka inaweza kuchukua robo saa kutokota tena. Ukiongeza mara nne, umepoteza saa nzima. Weka birika pembeni lenye maji ya moto. Chumvi nayo inasingiziwa bure. Wengi hawaiweki mpaka mwisho wakiogopa maharage yatagoma, ilhali chumvi kwenye maji ya kulowekea inasaidia: sodiamu yake inaingia kwenye ngozi na kusukuma nje sehemu ya kalisi, ngozi inalainika na haipasuki ovyo.

Panadol, hapana. Nasema hivyo kwa herufi zote. Parasetamoli haipai na mvuke. Inabaki kwenye mchuzi, na sehemu yake ikichemka muda mrefu hubadilika kuwa kemikali inayodhuru figo. Mtoto wa miaka sita anakula bakuli ambalo hakuna ajuaye lina dozi ya kiasi gani, na pengine jioni anapewa dawa ile ile kwa ajili ya homa. Ini ndilo linalolipa. Jirani amekushauri kwa nia njema, mwambie tu ukweli huu naye aache. Wapo pia wanaotia papai bichi. Hilo halisaidii: utomvu wake unakata protini, ndiyo maana hulainisha nyama, wakati ugumu wa haragwe uko kwenye pektini. Msumari na kijiko ndani ya sufuria havifanyi lolote.

Magadi ni kesi yenye pande mbili. Yanafanya kazi kweli. Ni kinyume cha uchachu, yanavunja pektini haraka, na ndiyo sababu bibi zetu waliyategemea. Lakini yanaharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya faida za kula maharage, yanaleta sodiamu nyingi kwa mwenye presha, yanageuza rangi ya mekundu kuwa nyeusi na kuacha ladha uliyoionja. Zaidi ya hayo, magadi ya asili ya mabonde ya kaskazini huwa na floraidi, ile inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Ukilazimika, tumia bekingi soda ya dukani, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, iweke kwenye maji ya kulowekea, kisha maji hayo uyamwage. Usichukue bekingi pauda ukidhani ni kitu kile kile, ina asidi ndani yake. Na ile soda ya kutengenezea sabuni isifike jikoni.

Basi, nusu kilo ya maharage ya nazi, kwa mazingira yako, ipikwe hivi.

Jioni chemsha lita 4 za maji dakika 10, yaache yapoe na kutulia hadi uone unga mweupe umezama, kisha yamimine polepole ukiacha tope la chini. Umeshapunguza sehemu ya ugumu wake. Ukiwa na maji ya mvua yaliyo safi, tumia hayo. Chambua maharage, yaoshe, yaloweke kwenye lita 1.5 pamoja na kijiko kimoja na nusu cha chakula cha chumvi, visijae. Yaache saa 10 hadi 12. Kukiwa na joto kali usizidishe hapo, yataanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Umesahau kuloweka? Yachemshe dakika 2, funika, yaache saa moja, kisha endelea. Si sawasawa na usiku mzima, lakini ni bora mara nyingi kuliko saa mbili za maji baridi.

Asubuhi mwaga maji yale yote, suuza. Humo kumeondoka na sehemu ya sukari zinazojaza watu gesi. Bandika kwenye maji mapya, yafunike maharage kwa kimo cha vidole vinne, moto mkali. Yakianza kutokota ndipo utazame saa: dakika 30 za mapovu makubwa yanayopasuka juu, mfuniko ukiwa umeegeshwa, povu ulitoe kwa upawa. Hapa hakuna kubania mkaa. Baada ya nusu saa hiyo punguza moto, funika, yaendelee kutokota taratibu. Kitunguu kizima kilichokatwa mara mbili na jani la kiungo liitwalo "bay leaf" vinaweza kuwemo tangu sasa. Nyanya bado, tui bado, sukari bado.

Maharage mapya yaliyolowa vizuri yatachukua saa moja hadi moja na nusu. Usipime kwa punje moja. Chota tano kutoka pande tofauti za sufuria, moja moja uiminye kwa ulimi kwenye kaakaa. Zote tano zipondeke bila kuacha chengachenga. Ikiwa tatu zimeiva na mbili bado, hayajaiva. Hatua inayofuata ikishaanza, hakuna punje itakayolainika tena kwa kasi.

Sasa ndipo nazi iingie. Nazi mbili za wastani zitakupa tui zito kikombe kimoja na nusu na tui jepesi vikombe vitatu. Pembeni kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, weka nyanya mbili na uziache zikauke hadi mafuta yatengane, uchachu wake utakuwa umepungua na ladha imeiva. Mimina kwenye maharage pamoja na tui jepesi, acha yatokote dakika 15 hadi mchuzi ushuke. Mwishoni weka tui zito, moto wa wastani, sufuria wazi, ukikoroga mfululizo taratibu. Likianza kuchemka lipe dakika 5 hadi 7 tu, onja chumvi, kama mnapenda ya sukari iweke sasa, epua. Tui hukatika kwa sababu protini zinazoshikilia mafuta na maji pamoja huachana kwa joto kali la muda mrefu, na uchachu huzidisha. Dakika saba halikatiki. Saa nne linakatika, au linashika chini na kuungua, au linakulazimisha upike bila kutokota kama ilivyokutokea.

Ukiwa na sufuria la presha, hilo kwa Dodoma nalipendekeza bila kusita, maana ndani yake joto hufika kama nyuzi 115 hadi 120 na mwinuko hauna neno tena. Maharage yaliyolowekwa: dakika 25 tangu presha ishike, ya zamani 45. Usijaze zaidi ya nusu ya sufuria, na weka kijiko cha mafuta, kwa kuwa povu la maharage huziba tundu la mvuke. Liache lishuke lenyewe. Likianza kuvuja pembeni au kizibo kikakwama, lizime, liache lipoe, usilifungue kwa nguvu. Raba na kizibo vikaguliwe na fundi anayeuza vipuri vyake. Kwa anayetumia kikapu cha kuhifadhi joto, ile nusu saa ya kutokota ifanyike jikoni kwanza ndipo sufuria liingie kikapuni, na maharage yakitoka humo yachemshwe tena.

Unaweza pia kuchemsha kilo nzima kwa mkaa ule ule, ukaunga nazi sehemu ya siku hiyo tu. Yaliyochemshwa bila nazi yanakaa kwenye friji siku tatu hadi nne. Yaliyoungwa nazi, kama huna friji, yaliwe mlo huo huo. Tui huchacha haraka kuliko maharage.

Kuhusu zile kilo nne: toa gramu 200, zichambue kwa rangi. Maharage mekundu yaliyozeeka huwa yamefifia na kuingia weusi au ukahawia, wakati mapya yana rangi iliyochangamka na ngozi inayong'aa. Yenye ukungu, harufu ya uvundo au vumbi jingi la wadudu usiyapime, hayo tupa. Yanayobaki yaloweke usiku na yachemshe kama nilivyoeleza, bila kuunga chochote. Yakiiva ndani ya saa mbili, tatizo lilikuwa sufuriani na ndoo yako ni nzima. Yakichukua tatu, yatenge kwa ajili ya makande, kwa kuwa mahindi yale ya kukoboa nayo hutaka muda huo huo na hutapoteza mkaa wa ziada. Yakizidi hapo, ni ya sufuria la presha peke yake. Ndoo ifunike vizuri, iondoe karibu na jiko, na safari ijayo sokoni mwombe muuzaji akupimie kutoka kwenye gunia moja, si kwenye beseni alilomiminia mabaki ya magunia matatu.